Ndoo Kichwani na Jibu la Sifuri

Kila mwalimu wa fizikia analijua swali hili, na wanafunzi wengi wamekwisha kulikuta katika mitihani ya majaribio. Mwanamke amejitwika ndoo ya maji yenye tungamo la kilo 20. Anatembea mita 100 katika ardhi tambarare kwa mwendo usiobadilika. Je, amefanya kazi kiasi gani juu ya ndoo hiyo? Mwanafunzi aliyesoma vizuri hujibu: sifuri. Kani inayoishikilia ndoo inaelekea juu, mwendo unaelekea mbele, na pembe baina yao ni nyuzi 90. Kosaini ya nyuzi 90 ni sifuri, na chochote kizidishwacho kwa sifuri ni sifuri. Mwalimu hutia alama ya vema, na darasa likaendelea na swali linalofuata.

Nilipokuwa kidato cha pili nililichukua jibu hilo hadi nyumbani kwa majivuno makubwa. Mama alikuwa ndiyo kwanza atue ndoo, ngata ingali kichwani mwake, na jasho likimtiririka shingoni. Nikamweleza kwamba kwa mujibu wa sayansi, kutoka kisimani hadi mahali ardhi ilipoanza kupanda, hakuwa amefanya kazi yoyote. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Vema, mwanangu. Kesho alfajiri utakwenda wewe kuiteka hiyo sifuri." Nikaenda. Nilirudi shingo imekakamaa, na nusu ya maji yamemwagika njiani.

Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi tangu nianze kazi ya kufundisha mekanika ya mwili wa binadamu, yaani elimu inayouchunguza mwili kwa kanuni zile zile zitumikazo kwa madaraja, winchi na magari. Ni elimu yenye manufaa makubwa kwa tiba: miguu ya bandia, viungo vya nyonga vya chuma, vyuma vya kuungia mifupa iliyovunjika, vyote hukokotolewa kwanza kwa milinganyo kabla ya kuingizwa mwilini mwa mtu. Lakini shuleni tunaifukia elimu hii chini ya sifuri ile. Nia yangu katika makala haya ni kueleza kwa nini naona jambo hilo ni hasara, na kwa nini naona kuna hasara nyingine kubwa zaidi nyuma yake.

Kwanza tulitendee haki jibu lenyewe. Sifuri si kosa. Ni jibu sahihi la kielelezo fulani cha hisabati. Mwenye kukitunga kielelezo hicho amemwondoa mwanamke na kuweka mahali pake toroli lenye magurudumu yasiyokwaruza, lipitalo juu ya sakafu laini kama kioo. Kila kielelezo huacha baadhi ya mambo ili yaliyobaki yaweze kukokotolewa. Hiyo ndiyo kazi yake, wala hatuna sababu ya kukilaumu kwa hilo. Lawama ni yetu sisi walimu tunaposahau kuwaambia wanafunzi ni nini kilichoachwa. Hapa kilichoachwa ni mwili mzima wa binadamu.

Basi tumrudishe mwanamke mahali pake. Mtu anapotembea, kitovu cha uzito wake hakiendi katika mstari ulionyooka. Kila mara mguu mmoja unapokanyaga na mwili ukapita juu yake, kitovu hicho hupanda kama kichwa cha fimbo iliyosimamishwa na kuangushwa mbele. Halafu hushuka hadi mguu wa pili ukanyage. Huo ni mwendo wa timazi iliyopinduliwa juu chini. Mwili ufikapo kileleni huwa na nishati nyingi ya kimo na mwendo mdogo. Ushukapo, nishati ya kimo hugeuka kuwa ya mwendo, na hatua inayofuata huirudisha tena juu. Kama mabadilishano haya yangekuwa kamili, tungetembea bila kuchoka hata kidogo. Si kamili. Katika mtu mzima atembeaye mwendo wa kawaida, takriban asilimia 65 ya nishati hiyo hurejeshwa kwa njia ya timazi, na sehemu iliyosalia hapana budi itolewe na misuli.

Sasa tukokotoe, kwa tarakimu ambazo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaziweza. Chukua mwanamke wa kilo 60 asiye na mzigo, na tuseme kitovu cha uzito wake hupanda sentimita 4 kwa kila hatua. Kazi ya kukipandisha ni 60 × 9.8 × 0.04, yaani takriban jouli 23.5. Kazi ya kuuharakisha mwili mbele katika mwendo wa kawaida hukaribiana na hiyo, kwa hiyo jumla ni kama jouli 47 kwa hatua. Timazi hurudisha asilimia 65. Misuli hulipa asilimia 35, yaani jouli 16.5. Ikiwa hatua yake ni sentimita 70, mita 100 ni hatua 143, na misuli imetoa zaidi ya jouli 2,300. Na kwa kuwa misuli, hata inapofanya kazi vizuri sana, hugeuza kiasi cha robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, chakula kilichotumika ni zaidi ya jouli 9,000. Hapo bado hajajitwika ndoo!

Mwanafunzi mwerevu atauliza: ndoo ikipanda sentimita 4 kisha ikashuka sentimita 4, je, si yale yale ya sifuri? Kwa ndoo, ndiyo. Kwa mwenye kuibeba, sivyo. Msuli hauwezi kurudishiwa deni lake mzigo unaposhuka; kuuzuia mzigo usianguke nako hula nishati, na hata kusimama tu, bila kusogea, ukiwa umeshika kitu kizito hula nishati, kwa sababu nyuzi za protini ndani ya msuli hujishika na kujiachia bila kukoma, na kila mshiko mmoja una gharama yake. Toroli haliwezi kukufundisha jambo hili.

Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo ningependa kila shule ya sekondari ya Afrika Mashariki ilijue. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake Heglund, Prager, Cavagna na Taylor. Waliwapima wanawake wachache wa Kiluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo tangu utotoni, Waluo wakijitwika kichwani na Wakikuyu wakiuning'iniza mzigo kwa ukanda upitao pajini mwa uso. Ilionekana kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi yao ya nishati hata kidogo. Baada ya hapo gharama ilianza kupanda: mzigo wa asilimia 30 uliongeza takriban asilimia 10, na wa asilimia 40 takriban asilimia 20. Kwa watu wasiozoea kubeba hivyo, gharama hupanda tangu kilo ya kwanza.

Watu walistaajabu, na baadhi walidhani vyombo vimekosea. Lakini turudi kwenye hesabu yetu. Mzigo wa asilimia 20 huifanya jumla ya nishati ya hatua kuwa mara 1.2 ya ile ya awali. Ili misuli ilipe kiasi kile kile cha zamani, sehemu yake hapana budi ipungue kutoka 0.35 hadi 0.35 gawanya kwa 1.2, yaani 0.29. Maana yake ni kwamba timazi inapaswa kurudisha asilimia 71 badala ya 65. Basi! Tofauti ni asilimia sita tu. Hatuhitaji muujiza wowote, ila namna ya kutembea iliyo nyofu zaidi kidogo. Na mwaka 1995 Heglund na wenzake, kwa kutumia mabamba ya kupimia kani yaliyowekwa sakafuni, walionyesha kwamba ndivyo ilivyo: wanawake hao walipobebeshwa mzigo, mabadilishano ya timazi yao yaliongezeka, ilhali ya watu wasiozoea hayakuongezeka vivyo hivyo. Mlinganyo mmoja mfupi, ambao mwanafunzi anaweza kuuandika ubaoni kwa mistari mitatu, umeeleza kitu ambacho miili ya mama zetu ilikifahamu siku nyingi.

Mpaka hapo msomaji anaweza kufurahi pamoja nami. Lakini kuna upande mwingine ambao furaha hii huuficha.

Habari za utafiti ule zilipokwisha kuenea magazetini, zilifupishwa na kuwa neno moja: wanawake wa Kiafrika hubeba bure. Nimelisikia neno hilo katika mikutano, na mara moja nililisikia kwa mtu aliyekuwa akieleza kwa nini bomba la maji la kijiji fulani linaweza kungoja bajeti ya mwaka ujao. Huu ni upotoshaji mbaya wa hesabu nzuri. Kwanza, ndoo ya lita 20 kwa mwanamke wa kilo 60 ni theluthi ya uzito wake, si asilimia 20. Bure ilikwisha katika lita ya kumi na mbili. Pili, waliopimwa walikuwa wachache. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake walichapisha vipimo vya wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini, na hawakuona nafuu ya jumla ya kubeba kichwani kuliko kubeba mgongoni. Walichokiona ni tofauti kubwa baina ya mtu na mtu. Tatu, na hili ndilo kubwa, nishati si gharama pekee ya mwili.

Tuitazame shingo. Mzigo ukikaa sawasawa, mstari wa uzito wake hupita katikati ya pingili za shingo, na misuli haina mengi ya kufanya. Ndiyo maana mbebaji stadi hutembea kichwa wima na macho mbele. Sasa tuseme kichwa kimeinama nyuzi 5 tu, labda ameangalia jiwe njiani. Kitovu cha uzito wa ndoo kiko kama sentimita 35 juu ya kiungo cha shingo. Sentimita 35 zidisha kwa saini ya nyuzi 5 ni sentimita 3. Ndoo ya kilo 20 ina uzito wa newtoni 196. Misuli ya nyuma ya shingo inayopaswa kuizuia, tuikadirie kuwa iko sentimita 3 kutoka egemeo. Umbali ni sawa kwa sawa, kwa hiyo misuli hapana budi ivute kwa newtoni 196 hivi, na mvuto huo wote huelekea chini, juu ya pingili zile zile. Kuinama kwa nyuzi 5 kumeongeza ndoo ya pili. Haionekani, haina maji ndani yake, wala haitui mtu yeyote ila mwenye shingo.

Mwanamke anayekwenda kisimani mara tatu kwa siku hutembea na ndoo hiyo ya pili maelfu ya hatua kwa mwaka. Kipimo cha hewa avutayo na atoayo hakiioni. Kielelezo cha timazi hakiioni pia, kwa sababu hakikutungwa kwa ajili yake. Mhandisi aliyefunzwa kuuliza "kielelezo hiki kimeacha nini?" angeiona mara moja.

Hesabu ya nyenzo kama hii ni kongwe. Mtaliano Giovanni Alfonso Borelli aliifanya kwa mikono, miguu na migongo katika kitabu chake kuhusu mwendo wa wanyama, kilichotoka Roma mwaka 1680 na 1681 yeye akiwa amekwisha kufariki, na alishtuka kuona kwamba misuli huvuta kwa kani kubwa mno kuliko mizigo inayoinuliwa. Mfano niupendao zaidi ni ule wa nyonga. Mtu wa newtoni 600 akisimama kwa mguu mmoja, sehemu ya mwili inayoegemea kiungo cha nyonga ni kama newtoni 500, na kitovu chake kiko takriban sentimita 10 upande wa ndani. Misuli ya ubavu wa nyonga iko sentimita 5 upande wa nje. Hivyo huvuta newtoni 1,000. Kiungo hubeba vyote viwili: newtoni 1,500, mara mbili na nusu ya uzito wa mtu mzima. Hii ilikuwa hesabu ya kalamu tu hadi mwaka 1966, Rydell wa Sweden alipotangaza vipimo vilivyochukuliwa ndani ya viungo vya bandia vya watu hai, na baadaye Georg Bergmann na wenzake huko Berlin wakaweka katika nyonga za bandia vipimio vinavyotuma habari kwa redio. Katika mwendo wa kawaida walipata wastani wa kama mara 2.4. Kalamu haikukosea sana.

Na bibi yako mwenye maumivu ya nyonga ya kulia, mwulize anaishika fimbo kwa mkono gani. Akiishika kwa mkono wa kulia, mwombe kwa adabu aihamishie kushoto. Fimbo ya kushoto ikikandamizwa kwa newtoni 100 tu, sentimita 30 kutoka kiungo kinachouma, huiondolea misuli kazi: newtoni 500 kwa sentimita 10 ni 5,000, toa 100 kwa 30 ambayo ni 3,000, zabaki 2,000, gawanya kwa 5, misuli huvuta 400 badala ya 1,000. Kiungo sasa hubeba 500 jumlisha 400 toa 100, yaani 800. Bila shaka mtu atembeaye haikandamizi fimbo kwa kiasi hicho katika kila hatua, na nafuu halisi huwa ndogo kuliko hesabu hii. Lakini huelekea upande ule ule. Nimewahi kulifundisha jambo hili kwa walimu wa semina, na mmoja alitoka nje kumpigia simu baba yake kabla sijamaliza kufuta ubao.

Nyenzo na timazi hutosha kwa mengi. Panapohitajika zaidi, ndipo kompyuta inapoingia. Mwaka 1972 Brekelmans na wenzake huko Uholanzi walikuwa wa kwanza kuutumia katika mifupa ufundi wa wahandisi wa majengo wa kukigawanya kitu katika vipande vidogo vingi, kukokotoa kila kipande kinavyosukumana na jirani zake, kisha kuviunganisha. Siku hizi vipande huwa malaki, na paja la mtu huonekana kwenye kioo cha kompyuta likiwa na rangi nyekundu mahali linapoelemewa na buluu mahali lilipopumzika. Ni picha za kupendeza. Hatari yake ni hiyo hiyo ya kupendeza: mtu akiona rangi husahau kuuliza tarakimu zilizoingizwa zilitoka wapi.

Nami nilisahau. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, nilipewa kazi ya kukokotoa kani za goti katika mwendo wangu mwenyewe. Nilibandikwa vidoto vinavyong'aa mwilini, nikatembea juu ya bamba la kani mbele ya kamera, kisha nikaingiza kompyutani jedwali la tungamo za viungo. Jedwali hilo liko katika vitabu vyote vya somo letu: paja moja ni asilimia 10 ya mwili, muundi asilimia 4.65, unyayo asilimia 1.45. Kila mwanafunzi hulinakili. Programu ilipomaliza, milinganyo haikufunga. Kulikuwa na kani iliyobaki, kani isiyo na mwenyewe, ambayo ilihitajika ili sheria ya pili ya Newton itimie lakini haikutoka sakafuni wala katika mvutano wa dunia. Niliambiwa kwamba ni kelele za vyombo, niichuje niendelee.

Kiasi fulani kilikuwa kelele, ndiyo. Lakini usiku ule nilifanya jambo ambalo ningelifanya kwanza kama nisingaliona haya. Nilijaza ndoo maji hadi ukingoni, nikaiweka ndani ya beseni, nikauzamisha mguu wangu hadi gotini, na kuyapima maji yaliyomwagika. Ni jaribio la Arkimedi, la kidato cha kwanza. Nikazidisha ujazo kwa msongamano wa kiungo hicho, ambao ni kidogo kuliko 1.1 ikilinganishwa na maji. Jedwali lilidai kwamba muundi na unyayo wangu, kwa uzito wangu wa kilo 64 wakati ule, vina tungamo la kilo 3.9. Maji yalisema 3.5.

Ndipo nilipokwenda maktaba kutafuta jedwali lile lilizaliwaje. Chanzo chake kikuu ni ripoti ya Wilfrid Dempster ya mwaka 1955, aliyoifanya kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani kuhusu nafasi anayohitaji mtu aliyeketi akiendesha chombo. Dempster alikatakata maiti nane. Wote walikuwa wanaume wazee wa Kizungu, mdogo wao akiwa na umri wa miaka 52 na mkubwa 83. Kabla yake, Braune na Fischer wa Leipzig walikuwa wamefanya kazi ya namna hiyo kwa maiti zilizogandishwa kwa baridi, katika mwaka 1889. Hizi ni kazi za uangalifu mkubwa na nazisoma kwa heshima. Dempster hakumdanganya mtu. Alitaja maiti zake moja moja. Sisi tulionakili ndio tuliofuta maelezo na kubakiza asilimia, hata wazee wanane wa Marekani wakageuka kuwa "mwili wa binadamu", na mama yangu akiwa kisimani hana budi kutembea kwa miundi yao.

Nisitie chumvi. Katika mguu uliokanyaga chini, kosa la namna hii ni dogo, kwa sababu kani ya sakafu ni kubwa na humeza mengine yote. Katika mguu unaorushwa mbele ndipo kosa huonekana, kwa kuwa hapo tungamo la mguu ndilo karibu kila kitu. Na anayehitaji hesabu hiyo sana ni nani? Ni yule anayetengenezewa mguu wa bandia.

Na si tungamo peke yake. Vielelezo vingi vya goti vilitungwa na kuhakikiwa kwa watu watembeao, wapandao ngazi na waketio vitini. Watu wetu huchuchumaa. Huchuchumaa chooni, jikoni, shambani, na Mwislamu hukunja goti lake kabisa kila siku katika sala. Mwili wa namna hiyo ukiwa haumo katika milinganyo, hautakuwamo katika chuma kitakachotoka kiwandani. India walilitambua hilo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1960 fundi Ram Chandra Sharma na daktari Pramod Karan Sethi wa mji wa Jaipur walitengeneza unyayo wa mpira unaomwezesha mtu kuchuchumaa, kukaa chini na kutembea pekupeku topeni, kwa sababu miguu iliyotoka ng'ambo ilitaka viatu na viti. Sharma hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alikuwa fundi mwenye jicho. Kwetu, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo Moshi kando ya hospitali ya KCMC kimekuwa kikifundisha vijana wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1981. Mafundi hao hurekebisha kwa tupa na kwa jicho yale ambayo milinganyo imeyakosa. Wanaifanya kazi hiyo vizuri, lakini kila mmoja huirekebisha peke yake, kwa mgonjwa mmoja, na marekebisho hayo hayaandikwi mahali ambapo mwenzake atayakuta.

Kuyaandika kunahitaji watu wenye hisabati na biolojia katika kichwa kimoja, na hapa ndipo lawama yangu inaporudi shuleni. Mwanafunzi anayechagua mchepuo wa PCM huiaga biolojia akiwa na umri wa miaka kumi na saba hivi. Mwenzake wa PCB hubaki na hisabati ya matumizi, ambayo aghalabu huichukua kama dawa chungu. Wanapokutana chuo kikuu, mmoja anaijua nyenzo lakini hajui msuli umeshikana wapi na mfupa, na mwingine anajua majina yote ya misuli lakini hajapata kuulizwa unavuta kwa newtoni ngapi. Miaka miwili ya kwanza naitumia kuwatambulisha.

Najua pingamizi nitakayopewa: shule haina maabara, haina bamba la kani, mtaala ni mrefu na mtihani u mlangoni. Mtaala ni mrefu kweli. Lakini maabara? Kila darasa lina miili arobaini, utepe wa fundi cherehani, na mizani ya dukani. Ndoo na beseni vipo. Mpime mwanafunzi mguu kutoka nyonga hadi sakafu. Ukiwa sentimita 90, nadharia ya timazi husema kwamba hawezi kutembea kwa kasi inayopita mita 3 kwa sekunde, kwani hapo miguu ingenyanyuka sakafuni, na vipimo vingi huonyesha watu huanza kukimbia wapatapo kama nusu ya mraba wa kasi hiyo, yaani mita 2.1 kwa sekunde. Mpelekeni uwanjani na saa ya simu mkaone. Kisha mkokotoe kwa mtoto mwenye mguu wa sentimita 50: ataanza kukimbia kwenye mita 1.6. Kila mzazi aliyemshika mtoto mkono sokoni amekwisha kuliona jambo hilo bila kuliandika. Shule yenye kompyuta inaweza kuchukua bila malipo programu ya OpenSim, iliyotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2007, na kuona kielelezo kizima cha mwili kikitembea. Ila naomba mwalimu aanze na beseni.

Na lile swali la ndoo lisifutwe katika mitihani. Kama ningeombwa kulitunga upya, ningeacha sehemu ya kwanza kama ilivyo, na sifuri ipate alama zake mbili. Kisha ningeongeza: "(b) Mwanamke huyo ana tungamo la kilo 60 na urefu wa hatua wa sentimita 70. Kadiria kazi iliyofanywa na misuli yake, ukitaja kila jambo ulilolichukulia kuwa ni kweli. (c) Taja jambo moja linaloupata mwili wake ambalo hesabu yako ya (b) haiwezi kulionyesha, na ueleze ungelipimaje kwa vifaa vilivyomo shuleni mwako." Alama nane kwa (b), na kumi kwa (c).